Beit el-Ajaib: Chuma Ndani ya Ukuta wa Chokaa

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883 mjini Zanzibar, iliporomoka pale Forodhani, na mnara wa saa ukaenda nayo. Mafundi walikuwamo ndani wakifanya kazi. Watu wawili walifariki, wengine wakatolewa kwenye kifusi wakiwa hai. Jumba lilikuwa katikati ya matengenezo makubwa yaliyofadhiliwa na Oman. Yaani lilianguka siku zilezile ambazo hatimaye lilikuwa linaanza kupata matunzo liliyoyakosa kwa miaka.

Kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe maelezo yalikuwa mawili. Kuna waliosema jumba limezeeka na kila kitu kina ajali yake. Na kuna waliosema walioliangusha ni haohao waliokuwa wakilitengeneza. Hili la pili siliingilii, maana kujua nani alifanya nini siku ile ni kazi ya wachunguzi. Hilo la kwanza silikubali hata kidogo. Miaka 137 si umri wa kuangusha nyumba ya mawe. Ngome Kongwe, iliyo hatua chache tu ubavuni mwake, ilianza kujengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 na kuta zake bado zimesimama. Ukizunguka Shangani au Malindi utakuta nyumba za wafanyabiashara za zama zilezile za Beit el-Ajaib, zimepitia kila aina ya uzembe, na watu wanaishi ndani yake, wanapika, wanaozesha watoto.

Kwa hiyo swali langu ni moja: Beit el-Ajaib ilikuwa na nini ambacho majirani zake hawakuwa nacho? Jibu langu ni chuma.

Nyumba ya mawe ya hapa inavyosimama

Ili kisa kieleweke, tuanze na nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe. Ni jiwe la matumbawe, chokaa, udongo na boriti. Jiwe halichongwi sana. Hupangwa na umbo lake, na nafasi zinazobaki hujazwa vipande vidogo pamoja na chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta ukikamilika unakuwa mnene, nusu mita au zaidi, na unene huo haukuwekwa kwa fahari. Mawe yasiyo na umbo maalumu hayashikani kwa kupangwa tu, yanashikana kwa uzito wake.

Chokaa nayo inatokana na mawe hayohayo. Yanapangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanazimwa kwa maji, kisha chokaa inaachwa ilale kwa muda kabla ya kuguswa. Fundi mwenye haraka huona kero. Lakini chokaa iliyolala vizuri inatoka laini kama siagi, inashika polepole, na hata ikishashika haiwi ngumu kama saruji. Ulaini huo ndio faida yake. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji na kuyatoa: masika yakiupiga unalowa, jua na upepo vikirudi unakauka. Lipu ya chokaa inauachia upumue. Nyumba ikitulia kidogo upande mmoja, chokaa inatoa nyufa nyembamba na jiwe linabaki mahali pake.

Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, nyingi zikiletwa enzi hizo na majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Boriti nzuri ina urefu wa mita tatu hivi, na hapo ndipo ilipo ramani ya nyumba zetu zote. Upana wa chumba ni urefu wa boriti basi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, awe mwenye nyumba ni tajiri wa karafuu au karani. Aliyetaka makubwa zaidi aliongeza vyumba kuzunguka ua, au aliongeza ghorofa. Upana hakuweza kuununua.

Na boriti ina tabia moja ambayo kwangu ni ya thamani kuliko nguvu yake. Ikianza kuoza, inasema. Inapinda, dari inashuka, vumbi la chokaa linamwagika juu ya chandarua. Mwenye nyumba anaita fundi, boriti moja inatolewa, nyingine inaingizwa mahali pake, na familia haihami. Nyumba inabadilishwa kiungo kimoja kimoja kwa miaka mia na zaidi, mpaka hakuna anayejua ipi ni boriti ya mwanzo.

Barghash na upana

Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya hapo, baada ya jaribio lake la 1859 la kumwondoa kaka yake Majid kushindwa, alipelekwa uhamishoni Bombay, mji uliokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza kwa ziara. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, na pia mtu wa kujenga: yeye ndiye aliyeingiza mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji, yeye ndiye mwenye kasri la Marhubi na la Chukwani. Beit el-Ajaib ya 1883 hakuikusudia iwe nyumba ya kulala. Ilikuwa jumba la mapokezi na sherehe, mbele kabisa ya bandari, ili nahodha yeyote anayetia nanga alione kabla hajaona kitu kingine.

Jumba la sherehe linataka kumbi, na kumbi zinataka upana ambao boriti haiutoi. Hapo vikaingia vitu ambavyo mji huu haukuwa umevizoea: mihimili ya chuma na sakafu za zege. Dari zikapanda juu kuliko za nyumba yoyote ya jirani. Katikati pakaachwa uwazi mkubwa ulioezekwa, na vyumba vikauzunguka ghorofa kwa ghorofa. Nje, roshani pana zikazunguka jumba, zimebebwa na nguzo nyembamba za chuma zilizopandana kutoka chini hadi juu. Marumaru yakatoka Ulaya. Milango ikachongwa kwa ufundi wa hapahapa, maandishi ya Kurani yakapakwa dhahabu. Taa za umeme za kwanza mjini ziliwaka humo, na baadaye likawa jumba la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watembeza wageni huongeza kwamba mlango ulipanuliwa ili Sultani apite akiwa juu ya tembo. Ni hadithi tamu, na inaleta bahashishi, tuiache hapo.

Mtu akiziangalia roshani zile haraka ataona pambo la kigeni lililozungushiwa nyumba ya Kizanzibari. Fundi anaona kitu kingine. Ukuta uliofunikwa na roshani ya upana ule haupigwi na jua la alasiri wala na mvua ya upepo. Kivuli kinauweka pakavu, hewa inapita, ukumbi unapoa bila feni. Kwa maneno mengine, roshani ndiyo ilikuwa kinga ya ukuta, na ukuta ndio ulioshika ncha za ndani za sakafu za roshani. Kila mmoja alimtegemea mwenzake. Hili tulishike, tutalihitaji tukifika 2012.

Sasa tuangalie mhimili mmoja tu wa chuma. Sehemu yake ya katikati iko ndani ya ukumbi, pakavu, imefichwa na dari au imepakwa rangi. Ncha zake mbili zimezikwa ndani ya ukuta wa matumbawe. Ukuta ule, kama tulivyosema, unakunywa maji, na kwa kuwa uko Forodhani, maji yenyewe yana chumvi ya upepo wa bahari. Kutu inaanzia kwenye ncha, mahali ambapo jicho halifiki. Na kutu haikai kimya: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inalisukuma jiwe. Ukuta wa chokaa hauna uwezo wa kuibana, kwa hiyo unatoa ufa. Ufa unaingiza maji mengine, maji yanaongeza kutu, kutu inapanua ufa.

Nje, mtu anaona mstari mwembamba kwenye lipu, basi. Kinachofuata kinajulikana na kila anayekaa Mji Mkongwe: saruji inachanganywa kwenye ndoo, ufa unazibwa, rangi nyeupe juu yake, kazi imekwisha. Saruji ni ngumu kuliko jiwe ililowekwa juu yake na hairuhusu unyevu kutoka. Maji yaliyomo ndani yanabaki ndani, pamoja na chuma. Baada ya misimu michache ukigonga lipu ile kwa kifundo cha kidole unasikia mlio wa utupu, kwa sababu imeshaachana na ukuta na imebaki kujishikilia yenyewe.

Boriti inaoza ikakwambia. Mhimili wa chuma unaliwa ncha huku katikati yake panang'aa kwa rangi.

Mabomu, na kilichofuata mabomu

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilizipiga ikulu za Forodhani kwa muda usiofika saa moja, baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti bila ridhaa yao. Beit el-Hukm, iliyokuwa jirani, iliharibiwa isijengwe tena. Beit el-Sahel iliumia vibaya. Mnara wa taa uliokuwa umesimama peke yake mbele ya majumba, ambao unaonekana kwenye picha za zamani, nao ukapigwa. Beit el-Ajaib ikanusurika na majeraha madogo.

Kila anayeandika kuhusu jumba hili hulemea kwenye mabomu. Mimi naona uamuzi wa mwaka uliofuata ulikuwa mzito zaidi. Katika matengenezo ya 1897 mnara wa saa uliunganishwa na uso wa jumba. Ile picha tunayoijua sote, iliyochapishwa kwenye kadi za posta na vitabu vya watalii, ni picha ya baada ya 1897. Jumba la Barghash lilikuwa na uso ulionyooka: nguzo, roshani, nguzo, roshani, mzigo ukigawanyika kwa urefu wote. Miaka 14 baadaye katikati ya uso huo kikatiwa kitu kirefu, chembamba na kizito, ambacho mwenye ramani ya kwanza hakukihesabu. Vitu viwili vya uzito tofauti vilivyojengwa nyakati tofauti havitulii kwa mwendo mmoja. Pale vinapokutana ndipo mpasuko unapoanzia, na ndipo maji ya paa yanapotafuta njia. Sisemi mnara ndio ulioangusha jumba. Nasema ukitaka kujua jumba hili lilikuwa dhaifu wapi, anza na kiungo kile cha 1897.

Wenyeji wasiolala

Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza baada ya mabomu, aliitumia ghorofa ya juu kama makazi hadi alipofariki 1902. Kuanzia 1911 jumba likawa ofisi za serikali ya kikoloni. Kumbi za mapokezi zikajaa meza, makarani na makabati ya majalada. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likapita mikononi mwa chama cha Afro-Shirazi (ASP). Mwisho likawa makumbusho, na katika ule uwazi wa kati ikawekwa nakala ya mtepe, chombo cha kale cha pwani hii kinachoshonwa kwa kamba bila msumari. Kejeli yake nimeipenda daima: chombo kisicho na chuma hata chembe kilihifadhiwa ndani ya nyumba ya chuma.

Tazama orodha hiyo ya wenyeji. Sultani, ofisi, chama, makumbusho. Ukiacha miaka michache ya Hamoud, hakuna aliyelala humo akasikia tone likidondoka usiku wa masika. Ofisi inafungwa alasiri. Karani akikuta dimbwi asubuhi anasogeza meza. Na kila aliyelishika jumba alikuwa na sababu ya kulionyesha: Barghash kwa mabalozi, Waingereza kwa raia, chama kwa wananchi, sisi kwa watalii. Kusafisha milizamu hakujawahi kuonyeshwa kwa mgeni yeyote, na hakuna waziri aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya ncha ya mhimili.

Kutoka 2012 hadi 2020

Mji Mkongwe uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ilikuwapo tangu 1985. Kwa hiyo jumba halikuwa limesahauliwa kwenye karatasi. Mwaka 2012 kipande cha roshani kiliporomoka. Makumbusho yakafungwa. Mwaka 2014 World Monuments Fund ikaliweka kwenye orodha yake ya maeneo ya kuangaliwa kwa haraka. Dunia nzima ilijua.

Hapa ndipo ninapoweka uzito wa uchambuzi wangu wote. Anguko la 2012 lilichukuliwa kama onyo, na onyo linaweza kusubiri fedha. Lakini lilikuwa zaidi ya onyo. Lilibadilisha namna jumba linavyofanya kazi. Roshani ikiondoka kwenye kona, vitu vitatu vinatokea kwa pamoja. Ukuta uliokuwa umefunikwa kwa karibu miaka 130 unabaki wazi, na jiwe la ndani ambalo halijawahi kuonja mvua linaanza kuinywa. Ncha za mihimili zilizovunjika zinageuka njia za maji kuingia katikati ya ukuta. Na nguzo za jirani zinapoteza mshikamano wa upande mmoja, maana nguzo nyembamba za chuma zinasimama imara kwa kufungwa pamoja kwenye kila sakafu, kama watu walioshikana mabega. Nguzo ya chuma cha kusubu inabeba mzigo mkubwa sana ukiukalisha wima juu yake. Isukume kidogo pembeni, na haipindi kwanza ikakutahadharisha. Inakatika.

Kutoka hapo hadi Desemba 2020 ni miaka minane: masika manane na vuli nane juu ya jeraha lililo wazi. Mazungumzo ya wafadhili yalikwenda, michoro ikachorwa, na siwalaumu wanaochora, kwa sababu jengo la namna hii haliguswi bila michoro. Ila mambo mawili yalihitajika mwaka uleule wa 2012, kabla ya mchoro wowote: kufunika kona iliyofunguka ili maji yasiingie, na kushikiza nguzo na sakafu zilizobaki kwa magogo au vyuma vya muda. Kazi hizo hazina sura nzuri. Zinaharibu picha ya watalii na hazina mfadhili. Gharama yake ni ndogo mno ukiiweka pembeni ya gharama ya kujenga upya.

Matengenezo ya jumba lililofikia hali hiyo ni kipindi chake cha hatari zaidi. Unapobomoa lipu ya saruji unaondoa kitu kibaya, lakini pengine ndicho kilichokuwa kinaushika ukuta usimwagike. Unapotoa sakafu iliyooza unatoa pia mshikamano wa kuta mbili. Kwa nyumba ya boriti fundi anajua hilo kwa mkono: unatoa moja, unaweka moja. Kwa nyumba ya chuma ambayo ncha zake hazionekani, mkono hautoshi.

Jirani aliyepona

Ukitembea kutoka hapo kwa njia ya Mizingani kuelekea bandarini utafika kwenye jumba la zahanati ya zamani, lile lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha darizi. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia forodha ya Sultani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria. Alifariki kabla halijakamilika. Baadaye likawa zahanati, na baada ya Mapinduzi likachakaa kama mengine. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalichukua na kulikarabati, na mafundi wa hapa wakafundishwa humohumo kazi za chokaa na mbao zilizokuwa zinapotea.

Ni jengo dogo kuliko Beit el-Ajaib, na mzigo wake ni wa mbao na jiwe, kwa hiyo sidai kazi zilikuwa sawa. Ninachokiona ni mpangilio. Lilipatiwa mtu wa kuliangalia kabla halijaanguka. Mapambo yalifuata baada ya paa.

La kufanya na kilichobaki

Wapo wanaotaka lijengwe upya kwa zege na nondo ndani, sura ya zamani nje. Litasimama, sina shaka. Lakini zege lenye nondo kando ya bahari lina ugonjwa uleule: ni chuma kilichofichwa ndani ya kitu kinachopitisha chumvi. Tutakuwa tumeirudia kasoro ya 1883 kwa vifaa vipya.

Ningeanza na kutenganisha. Nguzo za awali zilizo nzima zirudi mahali pake na zibebe roshani, kwa sababu hiyo ndiyo sura ya jumba na ndiyo kinga ya ukuta. Kuta zijazwe na kupigwa lipu ya chokaa tupu, pasiwe na saruji hata kwenye viraka. Mihimili mipya isizikwe. Kila ncha ikae ndani ya tundu lenye hewa, juu ya jiwe la kukalia, na tundu liwe na kifuniko kinachofunguka, fundi apate kuchungulia kwa tochi. Mnara wa saa, kama utarudi, usimame kwa miguu yake mwenyewe na uache nafasi finyu kati yake na jumba, iliyozibwa kwa kitu kinachonyumbuka.

Na siku makumbusho yatakapofunguliwa tena, mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa awe mtu wa paa. Apande kila Februari kabla ya masika na kila Septemba kabla ya vuli, asafishe milizamu, afungue vifuniko vya mihimili, agonge lipu ghorofa kwa ghorofa, na aandike kwenye daftari wapi ukuta umelia utupu. Daftari hilo likae mapokezini, pembeni ya kitabu cha wageni.